Duka la Rejareja na Simu ya Mkononi: Mafunzo Kutoka Kampala, Nairobi na Mogadishu

Kila askari anaijua njia itokayo lango la kambi hadi duka la kwanza. Hapo ndipo anaponunua sabuni, kiwi ya viatu na betri za tochi. Na hapo ndipo mke wake anapokopa mchele katika wiki ya mwisho wa mwezi. Zamani duka hilo lilitegemea vitu vitatu: rafu, mzani na daftari la madeni. Siku hizi limeongezeka kitu cha nne, nacho kimebadilisha matumizi ya vile vitatu. Kitu hicho ni simu ya mkononi.

Tumeonelea vema leo tulichambue suala hili kwa sababu mbili. Kwanza, askari na polisi ni wateja ambao maduka mengi ya pembezoni mwa kambi yanaishi kwa mishahara yao. Pili, na hii ndiyo sababu iliyo kubwa, wengi miongoni mwetu watakuwa wenye maduka kesho. Askari anapostaafu na kupokea kiinua mgongo chake, fikira zake huelekea upesi kwenye pikipiki ya bodaboda au duka la rejareja. Wapo waliofanikiwa na wakasomesha watoto kwa faida ya duka. Wapo pia ambao akiba ya utumishi wa miaka 20 iliyeyuka katika muda usiofika miaka miwili, wasijue hata imekwenda wapi.

Swali basi ni hili: je, teknolojia inaweza kumsaidia muuzaji wa rejareja kwenda sambamba na mteja aliyebadilika? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa sharti. Teknolojia humsaidia yule ambaye tayari anajua kuhesabu, kulipa na kujaza rafu. Yule asiyeyajua hayo, humwangusha kwa kasi zaidi. Mambo yaliyotokea katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki yanathibitisha maneno haya.

SOMO LA MWAKA 1972

Kabla ya kusema juu ya simu, hapana budi tukumbuke jambo la kale. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza akiwa Tororo kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda, nao wakapewa siku 90. Maelfu ya maduka na kampuni yakabaki bila wenyewe. Kamati za kugawa mali hiyo ziliongozwa na maofisa wa jeshi, na waliopewa maduka walikuwa ni pamoja na askari. Wananchi wakawapa jina la "mafutamingi".

Husimuliwa mpaka leo kwamba baadhi ya wenye maduka hao wapya walimwuliza mteja alikuwa akilipa shilingi ngapi zamani, kisha wakamtoza bei hiyo hiyo. Bidhaa zilinunuliwa, fedha zikatumika nyumbani, na rafu zikabaki tupu. Hawakujua bidhaa zilinunuliwa wapi kwa jumla, kwa mkopo wa siku ngapi, na ni sehemu gani ya fedha iliyomo katika droo iliyokuwa faida na ipi mtaji. Sukari na sabuni zikawa bidhaa adimu, na magendo yakatawala.

Tunalikumbusha jambo hili bila nia ya kumlaumu aliyekwisha kufa. Tunalikumbusha kwa kuwa linaonyesha kwamba duka si jengo wala si bidhaa zilizomo. Duka ni mzunguko: bidhaa hutoka, fedha huingia, na fedha hiyo hurudi sokoni kuleta bidhaa nyingine. Mzunguko huo ukikatika, hakuna chombo chochote cha kisasa kitakachouunganisha.

MTEJA AMEBADILIKA

Mwezi Machi 2007 mambo mawili yalitokea katika kanda yetu. Askari wa Uganda waliingia Mogadishu wakiwa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika. Mwezi huo huo, kampuni ya Safaricom ya Kenya ilizindua M-Pesa, njia ya kutuma fedha kwa simu. Wakati ule watu wachache walidhani kwamba jambo hili la pili lingefika mpaka kwenye duka la kijijini. Mwaka 2009 kampuni ya MTN ilianzisha huduma kama hiyo nchini Uganda, na mwaka 2013 Safaricom ikaanza utaratibu wa Lipa na M-Pesa, ambao mteja humlipa mwenye duka moja kwa moja kwa namba maalumu ya duka.

Hapo tabia ya mnunuzi ilianza kubadilika. Askari aliye mbali na nyumbani alipotuma fedha zamani, alimkabidhi dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu. Sasa fedha inafika kwa mke wake kabla hajamaliza kunywa chai. Mke naye hana haja ya kuzitoa fedha zote. Anaweza kulipa unga papo hapo kutoka katika simu. Zaidi ya hayo, anaweza kumwandikia mwenye duka kwa WhatsApp akauliza bei, akamwuliza mwingine wa mtaa wa pili, na akaletewa mzigo na bodaboda. Mteja huyu hafungwi tena na duka la kwanza karibu na lango. Mwenye duka asiyetambua hilo ataona tu kwamba watu wamepungua, naye atasingizia uchawi.

Hata hivyo, tabia moja haikubadilika. Wananchi wengi bado hununua kidogo kidogo: sukari ya robo kilo, mafuta ya kupimwa, sabuni ya kipande. Hununua hivyo kwa kuwa kipato huja kidogo kidogo. Teknolojia yoyote isiyoliheshimu jambo hili haitadumu katika nchi zetu.

MOGADISHU IMETUTANGULIA

Wasomaji wetu waliowahi kutumikia Somalia watakumbuka jambo lililowashangaza. Katika mji uliobomolewa na vita, muuza chai na muuza ndizi walikuwa wakilipwa kwa simu. Namba ya simu ilichorwa kwa rangi ukutani mwa duka, na mteja alilipa kwa dola za Marekani zilizomo ndani ya simu, hata kama deni lilikuwa ni senti chache za dola.

Hili halikutokea kwa sababu Mogadishu ni mji wa anasa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, benki kuu ilianguka nayo. Noti za shilingi ya Somalia zikawa zinachapishwa na kila mwenye mtambo. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti hizo zilikuwa bandia. Mtu angehitaji furushi la noti kununulia vitu vichache tu. Huduma kama EVC Plus ya kampuni ya Hormuud iliondoa furushi hilo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya watu wazima nchini humo walikuwa wakitumia fedha za simu.

Funzo ni wazi. Wenye maduka wa Mogadishu hawakusubiri kompyuta, wala hawakusubiri intaneti ya kasi. Walichukua chombo rahisi kilichotatua taabu halisi ya mteja wao. Simu ndogo ya vitufe, inayopiga namba fupi bila intaneti, ilitosha. Mwenye duka anayetaka kuanza ajiulize kwanza: taabu ya mteja wangu ni ipi?

KUANGUKA KWA WAKUBWA

Sasa tuangalie upande wa pili. Kama teknolojia peke yake ingetosha, Nakumatt ingekuwapo mpaka leo. Kampuni hiyo ilianzia Nakuru, Kenya, kwa kuuza magodoro, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikuwa na kadi za kuwatunza wateja wa kudumu, mashine za kisasa za kuhesabia mauzo, na baadhi ya maduka yake yalifunguliwa usiku na mchana. Lakini ilijitanua kwa madeni. Ilipochelewa kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa, nao wakaacha kuleta. Mwaka 2017 wateja walikuta rafu tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Uchumi, iliyokuwa fahari ya Kenya tangu miaka ya 1970, ilikuwa imekwisha kufunga maduka yake ya Uganda na Tanzania mwaka 2015. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo.

Wapo waliodhani dawa ni kuacha majengo makubwa na kuuza kwa mtandao. Kampuni ya Copia ilianza Kenya mwaka 2013 kwa wazo zuri: mwananchi wa kijijini alichagua bidhaa kwa msaada wa wakala, mara nyingi mwenye duka dogo, kisha gari likamletea wakala huyo mzigo. Copia iliingia Uganda mwaka 2021, ikaondoka mwaka 2023, na mwezi Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi huko Kenya, baada ya kukosa fedha mpya za wawekezaji. Jumia nayo, iliyo maarufu zaidi kwa biashara ya mtandao barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka 2023 ikaacha kazi ya kupeleka chakula katika nchi zote ilikokuwa ikiifanya. Kupeleka kifurushi kidogo mahali pa mbali kunagharimu mafuta, dereva na muda. Faida ya kifurushi hicho mara nyingi haitoshi.

Kwa upande mwingine, Naivas, iliyoanza mwaka 1990 kama duka dogo huko Rongai, karibu na Nakuru, imevuka matawi 100. Nayo hutumia simu na kuuza kwa mtandao kama wenzake. Tofauti haimo katika mashine. Askari ataelewa upesi tukisema kwamba jeshi lenye silaha bora hushindwa likisonga mbele kupita uwezo wa magari yake ya chakula na risasi. Katika biashara, ugavi ni kumlipa anayekuletea bidhaa kwa wakati.

SOKO LILIPOFUNGWA

Jaribio kubwa la mambo haya lilikuja na ugonjwa wa Uviko. Mwishoni mwa Machi 2020, usafiri ulipozuiwa nchini Uganda, wauzaji wa vyakula waliruhusiwa kuendelea kwa sharti la kulala sokoni. Askari na polisi waliokuwa doria usiku waliwaona akina mama wa soko la Nakasero wamelala chini ya vyandarua kando ya nyanya na ndizi zao. Bidhaa zilikuwapo, fedha za wateja zilikuwapo majumbani, lakini njia kati yao ilikatika.

Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria, lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo. Mwezi Mei 2020 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilishirikiana na Jumia kuwaunganisha wauzaji wa masoko ya Kampala, yakiwemo Nakasero, Nakawa, Wandegeya, Bugolobi na Kalerwe, na wateja wao kwa njia ya simu. Muuzaji alipokea agizo, akapima, akafunga, na bodaboda ikapeleka. Wengine walifanya vivyo hivyo bila kampuni yoyote, kwa sababu tu walikuwa wamehifadhi namba za simu za wateja wao. Hapa tunaona kwamba mali kubwa ya mwenye duka katika siku ile haikuwa rafu yake, bali orodha ya watu waliomwamini.

MWENYE DUKA DOGO AFANYE NINI?

Tuanze na hesabu, maana ndiyo msingi. Tuchukue mfano wa askari mstaafu aliyeanza duka kwa mtaji wa shilingi 5,000,000. Kwa siku anauza bidhaa za shilingi 200,000, na faida yake ni asilimia 10, yaani shilingi 20,000. Kodi ya chumba tuiache kando. Kama kila siku anachukua shilingi 30,000 kwa matumizi ya nyumbani, anakula faida yote na shilingi 10,000 za mtaji. Katika siku 500 mtaji wote umekwisha, na kwa kweli utakwisha mapema zaidi, maana rafu zikipungua mauzo nayo hupungua. Mtu huyu hakuibiwa wala hakurogwa. Hakuwa na hesabu.

Ni hapa ambapo simu inaweza kuwa msaada mkubwa. Mwenye duka awe na namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la duka, tofauti na namba yake mwenyewe. Kila shilingi inayoingia itabaki imeandikwa, kwa siku na saa. Mwisho wa juma aketi na daftari alinganishe: kilichoingia, kilichonunuliwa, kilichochukuliwa nyumbani. Ajilipe mshahara uliopangwa, kama alivyokuwa akilipwa jeshini, wala asiingize mkono katika droo kila mtoto anapotaka peremende.

Pili, aandike bidhaa zinazotoka haraka na zinazolala. Simu yenye programu ya hesabu ni nzuri, lakini hata daftari la mistari litafaa. Chumvi inayouzwa kila siku isikosekane; manukato yaliyolala miezi sita yasinunuliwe tena. Tatu, aagize kwa simu kutoka kwa mwenye duka la jumla, aulize bei kwa watu wawili au watatu, na ashirikiane na wenzake kukodi gari moja. Siku ya kufunga duka ili aende mjini ni siku ambayo wateja wanajifunza njia ya duka la jirani. Nne, ahifadhi namba za wateja wake na kuwajulisha bidhaa mpya zilipofika, bila kuwachosha kwa ujumbe wa kila saa. Tano, apatane na bodaboda mwaminifu kwa bei inayojulikana. Mama mwenye mtoto mchanga au mzee aliyeugua atamkumbuka aliyemletea dawa ya mbu na maziwa mlangoni.

HATARI ZILIZOPO

Tungekuwa hatutendi haki kama tungesifu tu. Wezi nao wamejifunza. Mwezi Oktoba 2020 wahalifu waliingilia mitambo ya kampuni moja iliyounganisha benki na mitandao ya simu nchini Uganda, wakaondoka na mabilioni ya shilingi. Kwa mwenye duka, hatari ya kila siku ni ndogo zaidi lakini ni ya mara kwa mara: ujumbe wa uongo unaosema fedha imeingia, au sauti inayodai kwamba fedha imetumwa kwa makosa na irudishwe. Kanuni ni moja: usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa. Namba ya siri isitajwe kwa mtu yeyote, hata anayejiita ofisa wa kampuni. Na polisi wanaopokea malalamiko ya namna hii wasiyachukue kuwa ni mzaha. Aliyeibiwa shilingi 300,000 ameibiwa duka zima.

Iko hatari ya mikopo ya simu. Mkopo unaotozwa asilimia 9 kwa siku 30 unaonekana mdogo, lakini kwa mwaka ni asilimia 108. Duka linalopata faida ya asilimia 10 katika kila mzigo haliwezi kubeba mkopo kama huo mwezi baada ya mwezi. Ukopwe kwa bidhaa itakayouzwa ndani ya siku chache, si kwa harusi.

Liko pia suala la kodi. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwa miamala ya fedha za simu. Wananchi walilalamika, na mwaka huo huo kodi ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubakizwa kwa fedha zinazotolewa tu. Mteja anayelipa moja kwa moja dukani, badala ya kutoa kwanza, huepuka gharama hiyo kwa njia halali, na mwenye duka anapaswa kumweleza. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato. Baadhi ya malalamiko yao yalihusu kutoelimishwa vya kutosha. Hilo ni fundisho kwa watawala pia: chombo kipya kisichofafanuliwa huonekana kuwa adui.

Aidha, mtandao hukatika. Umeme hupotea, mnara huharibika, na mwezi Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Duka lenye akili huwa na taa ya jua, chenji ya kutosha katika droo na daftari la karatasi. Kwa sisi tulio katika utumishi, tuongeze onyo moja: mke au ndugu anayetangaza bidhaa kwa WhatsApp asipige picha inayoonyesha sare, magari au majengo ya kambi. Biashara ya sabuni haihitaji ramani ya kituo.

Kwa kumalizia, tunarudia tulilolisema mwanzo. Wale wa mwaka 1972 walikuwa na maduka yaliyojaa, Nakumatt ilikuwa na mashine, na Copia ilikuwa na wawekezaji. Wote waliishia pabaya kwa sababu fedha iliyotoka ilizidi iliyoingia. Mwenye chai wa Mogadishu alikuwa na birika, simu ya vitufe na namba iliyochorwa ukutani, naye akaendelea kuuza. Askari anayetarajia kustaafu asisubiri siku ya kukabidhi sare ndipo ajifunze. Aanze sasa, katika duka la mke wake au la jirani, kujua ni shilingi ngapi zinaingia na ngapi zinatoka kila Jumamosi. Akilijua hilo kwa miezi sita bila kukosea, basi kiinua mgongo chake kitakuwa katika mikono salama.